Dhamana ya Rais na Kura 48

Habari mmeisikia tangu juzi, mpenzi msikilizaji, sina haja ya kuirudia yote. Oktoba hii ya 2012, Rais Benigno Aquino wa Ufilipino amemteua Grace Padaca, gavana wa zamani wa jimbo la Isabela, kuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi. Bi Padaca alikuwa na hati ya kukamatwa. Dhamana ni peso 70,000, kama dola 1,700 hivi, na aliyeitoa fedha hiyo ni Rais mwenyewe. Ikulu inasema ni mkopo, umetoka mfukoni mwake, hazina ya serikali haikuguswa.

Haya. Tutaufikia huo mkopo, maana ndio uliotuweka macho hapa studio, ila kwanza Bi Padaca mwenyewe.

Kituo hiki hakina ugomvi na Bi Padaca. Kusema kweli tunampendelea, na afadhali tukiri mapema ili mtupime vizuri. Ni mwenzetu. Kabla ya siasa alikaa miaka 14 kwenye maiki ya redio mjini Cauayan, akiwasema wakubwa wa jimbo lake. Alisomea uhasibu akafaulu vizuri mno, na angeweza kubaki Manila akikagua hesabu za makampuni. Alirudi nyumbani. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, anatembea kwa magongo. Lakini msikilizaji wa redio haoni magongo. Anasikia sauti tu, kila siku, sauti ileile, inauliza fedha za umma zimekwenda wapi.

Na Isabela si mahali pa kuuliza swali hilo ukalala salama. Ni jimbo kubwa la mpunga na mahindi, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, upande mmoja limepakana na milima ya Sierra Madre yenye misitu ambayo wakata magogo wanaimezea mate. Kwa zaidi ya miaka 30 jimbo hilo lilikuwa mkononi mwa ukoo mmoja, ukoo wa Dy. Baba, mzee Faustino, alikuwa gavana tangu miaka ya 1970. Mwaka 1992 akaingia mwanawe Benjamin. Sheria ya Ufilipino inampa gavana vipindi vitatu mfululizo, kila kimoja miaka mitatu, kisha apishe. Benjamin akavimaliza vyote vitatu, mwaka 2001 akapisha. Akampisha nani? Ndugu yake, Faustino wa pili. Kiti hakikupata hata nafasi ya kupoa.

Mnaotusikiliza kila wiki mnajua ninakokwenda. Ndiyo, nakwenda hukohuko. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 inapiga marufuku koo za kisiasa. Imeandikwa, ibara ya pili, kifungu cha 26. Ila wameongeza maneno machache mwishoni: kadiri sheria itakavyoeleza. Na sheria hiyo haijatungwa. Miaka 25, haijatungwa. Waliotakiwa kuitunga ni baba, wana, wake na mabinamu wa koo hizohizo, wamekaa bungeni wakitazamana.

Turudi kwa Bi Padaca. Mwaka 2001 alitoka redioni akagombea ubunge dhidi ya Faustino wa tatu, wa ukoo uleule wa Dy. Akashindwa kwa kura 48. Kura 48! Daladala moja iliyoshonana. Wangapi siku ile walisema wataenda kupiga kura wakishatoka shambani? Miaka mitatu baadaye akaacha ubunge akakifuata kiti chenyewe cha ugavana, hana fedha za kulingana na wenye jimbo, akamwangusha Faustino wa pili kwa zaidi ya kura 44,000. Mwaka 2007 Benjamin akarudi kukidai kiti cha nyumbani, naye akaangushwa. Mwaka 2008 Bi Padaca akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo Asia nzima inaiheshimu. Sisi wa redio tulitembea vifua mbele kana kwamba tuzo ni yetu.

Kisha ikaja Desemba 2009. Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba imezihesabu upya kura za 2007 na kwamba mshindi alikuwa Benjamin Dy, kwa tofauti ya kura elfu moja na ushei. Kumbuka kwamba wakati ule mpigakura wa Ufilipino aliandika jina la mgombea kwa mkono wake mwenyewe. Kuhesabu upya maana yake ni kufungua masanduku, kuchukua karatasi mojamoja, kuinua mwandiko kwenye mwanga na kubishana: hii ya nani, hii nzima, hii imeharibika. Kwa mabishano ya namna hiyo, ushindi wake wa kura 17,000 wa mwaka 2007 ukageuka kuwa kushindwa. Mei 2010, uchaguzi wa kwanza wa mashine nchi nzima, Bi Padaca akashindwa tena. Na nani? Faustino wa tatu. Yule wa kura 48.

Sasa shika hesabu hiyo, msikilizaji. Tume iliyomwambia mwanamke huyu hukushinda ndiyo tume anayokwenda kukaa ndani yake. Ina watu saba tu. Mei mwakani kuna uchaguzi. Katika hao saba, mmoja atakuwa na kesi mahakamani na deni kwa Rais.

Kesi yenyewe hatutaihukumu hapa. Anashitakiwa kwamba akiwa gavana alitoa peso milioni 25 za jimbo kwa shirika moja la kiraia, kwa ajili ya mradi wa mpunga, bila kufuata zabuni. Yeye anakana. Mahakama maalumu ya kesi za ufisadi itasema. Wapo wanaodai kwamba mashitaka ni kisasi cha wenye kiti, wapo wanaodai kwamba mtakatifu wetu amenaswa. Mimi sijui mahakama itaona nini, na ninyi hamjui.

Ninachokijua ni deni. Niliwahi kumkopa mhariri wangu nauli ya wiki moja, fedha ndogo kabisa, hata chai ya ofisi nzima isingetosha. Wiki ile nzima alifuta mistari katika habari zangu na mimi nikasema sawa mkuu, sawa mkuu. Hakunidai hata siku moja. Hakuhitaji kunidai.

Peso 70,000 si fedha nyingi kwa Rais. Hilo ndilo linalotisha. Rais Aquino alichaguliwa kwa ahadi ya kuifuata njia iliyonyooka, na tunaamini kwamba alitaka kumsaidia mtu anayemwona mwadilifu. Sawa. Lakini refa hakopi kwa mwenye timu. Refa hakopi hata nauli! Na Rais ana timu uwanjani. Wiki hiihii ya Oktoba 2012, wakati Bi Padaca anatafutiwa dhamana, wagombea wa Mei wamepanga foleni kurudisha fomu. Katika orodha ya useneta ya upande wa Rais yumo Bam Aquino, binamu yake. Bi Imelda Marcos, mjane wa rais wa zamani, ana miaka 83, anatetea ubunge wake jimboni Ilocos Norte, na binti yake Imee anatetea ugavana palepale. Kule Isabela Faustino wa tatu anatetea kiti chake. Foleni nzima ni majina tuliyoyazoea, mengine tuliyasoma shuleni.

Kadiri sheria itakavyoeleza! Katiba hiyo ilipitishwa mama yake Rais akiwa Ikulu. Mama amefariki, mwana ni Rais, sheria bado. Kama Rais anataka kumsaidia Bi Padaca kweli, angetumia uzito wa Ikulu kuwabana wabunge watunge sheria hiyo. Ingemfaa kuliko dhamana. Ingewafaa wakulima wa Isabela kuliko dhamana. Angalau siku moja wangekwenda kupiga kura bila kuulizwa safari hii unampa Dy yupi.

Basi tuseme wazi, na tuseme sasa, kabla kiti hakijapata joto. Uteuzi huu lazima upite kwenye kamati ya wabunge na maseneta. Waheshimiwa, msimuulize Bi Padaca habari za magongo wala za tuzo. Muulizeni deni! Muulizeni atafanya nini siku masanduku ya mgombea wa Rais yatakapoletwa mezani kwake. Muulizeni na la Isabela: kesi ya kura ya jimbo lake ikija kwenye tume, atatoka chumbani au atabaki?

Na wewe mpigakura wa Isabela, wa Cauayan, wa Ilagan, usikae ukingoja wakubwa waelewane. Mwambie jirani yako, mwambie dereva, mwambie mama muuza samaki, kwamba siku moja watu 48 walibaki nyumbani. Safari hii wasibaki!

Nawe Bi Padaca, sauti ya Cauayan, dada yetu wa maiki. Tunakuomba, tena tunakuomba kwa heshima. Kabla hujakaa kwenye kiti hicho, kopa benki, uza gari, pitisha bakuli kwa wasikilizaji wako wa zamani, wakupe peso mojamoja. Mlipe Rais fedha zake zote. Mwombe risiti. Halafu rudi studio, kaa mahali pako pa siku zote, uisome hewani, tarakimu kwa tarakimu.