Saa Tatu za Bure Dar es Salaam



Tukifika Dar es Salaam peke yetu, basi likiwa la jioni, wengi wetu tunakaa stendi kulinda mzigo mpaka matapeli watuzoee. Hapana! Nauli ya kurudi tuifunge mbali, mzigo tuuache kwa jamaa, twende mjini.

Barabara ya Samora ipo Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wanapita tu. Sisi tusogee karibu, maana chini yake pameandikwa Kiswahili pia. Tujisomee wenyewe, polepole, bila kusomewa na mtu. Hakuna kiingilio.

Halafu Kivukoni, kutazama pantoni ya Kigamboni. Njaa je? Mihogo ya kuchoma, ila bei tuulize kwanza.