Ukitaka kusikiliza ndege, anza na sheria

Juma hili nina swali la kijana mmoja wa Tarime. Anasema kila siku ndege ndogo za watalii hupita juu ya kwao zikielekea Serengeti, na usiku huona taa za ndege kubwa zikikata anga. Anataka kununua redio ya kunasia sauti, ile inayoitwa skana, asikie marubani wanavyozungumza na waongoza ndege. Fedha alizonazo ni kidogo. Anauliza: anunue ipi?

Swali ni zuri. Anga ya Mara si tupu. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, ndege hushuka na kupaa pale Kogatende mchana kutwa. Seronera nako vivyo hivyo. Viwanja vingi vya mbugani ni vya changarawe, wala havina mnara wa kuongozea ndege. Rubani anayekaribia hutangaza redioni yuko wapi, yuko juu kiasi gani na anatua upande upi, ili mwenzake aliye karibu asikie na kukaa mbali naye. Usalama wa abiria wote hao unategemea watu kusikilizana.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Redio zetu za nyumbani za FM hukomea megahezi 108. Mazungumzo ya ndege yako juu kidogo ya hapo, kati ya megahezi 118 na 137. Tena hayarushwi kwa mtindo wa FM bali kwa AM, mtindo wa zamani wa masafa ya kati. Sababu yake ina maana: marubani wawili wakizungumza kwa pamoja kwenye FM, mwenye nguvu humfunika mnyonge kabisa. Kwenye AM utasikia mvurumo, nao humjulisha mwongoza ndege kwamba kuna mwingine anayeita.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: chombo kiwe kinapokea megahezi 118 hadi 137 kwa AM. Muuzaji akikwambia kwamba hii inashika kila kitu, mwombe akuonyeshe hayo kwenye kitabu chake. Simu za upepo za bei rahisi zilizozagaa madukani, kama ile Baofeng UV-5R, hazipokei masafa hayo. Na kuna ubaya zaidi: simu ya upepo hurusha sauti. Mwanafunzi wa kusikiliza hahitaji kitufe cha kusemea.

Zipo njia tatu za mtu wa kipato kidogo. Ya kwanza ni skana yenyewe, mfano Uniden BC125AT. Hiyo huhifadhi masafa 500 na kuyapitia moja baada ya jingine, ikisimama pale penye sauti. Ni chombo kizuri, lakini nje ya kazi hiyo haina mengi. Ya pili ni kijiti kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, kiitwacho RTL-SDR. Ndicho rahisi kuliko vyote kwa bei, ila asiye na kompyuta, au ambaye umeme wake hukatika mara kwa mara, atakuwa amenunua pambo. Ya tatu ni redio ya masafa mafupi yenye sehemu ya ndege, mfano XHDATA D-808 au Tecsun PL-660. Kwa mtu wa Tarime au Mugumu, mimi ningechagua hii ya tatu. Siku ambayo hakuna ndege, familia itasikiliza taarifa ya habari, na redio yenyewe hutumia betri.

Lakini asitarajie miujiza. Masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima huyazuia. Ndege iliyo futi 35,000 juu yaweza kusikika umbali wa kilomita 400 na zaidi. Mwongoza ndege aliye ardhini Mwanza au Nairobi hatasikika Tarime. Kijana wetu atasikia rubani akijibu bila kusikia alichoulizwa, kama mtu anayemsikiliza jirani yake akiongea na simu. Akipanda kilimani na antena nzuri atapata zaidi kuliko akiongeza fedha dukani.

Ajiandae pia kwa lugha. Ni Kiingereza cha haraka, chenye maneno machache yaliyopangwa. Ndege iliyosajiliwa Tanzania jina lake huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X. Na masafa ya 121.5 ni ya dharura dunia nzima.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapa nimezungumzia bei na betri. Lakini kabla ya duka kuna mlango mwingine wa kubisha hodi. Marekani, raia anaruhusiwa kusikiliza mazungumzo ya ndege. Uingereza hairuhusiwi bila kibali, ingawa wapo wengi wanaofanya hivyo. Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini, na vifaa vya redio vinavyoingizwa nchini hutakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Namshauri kijana aandike barua, ataje aina ya redio na shabaha yake, asubiri jibu la maandishi, ndipo atoe fedha. Asiridhike na neno la muuzaji. Siku ya mashaka muuzaji hatakuwapo.

Wapo watakaosema huo ni urasimu. Nawaomba wakumbuke mahali tunapopazungumzia. Tarime ni mpakani, na ina mgodi mkubwa wa dhahabu pale Nyamongo. Serengeti ina tembo na faru, na ndege za doria huruka kuwalinda. Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, jirani na Serengeti, majangili waliitungua kwa risasi helikopta iliyokuwa ikiwasaka, na rubani wake, Mwingereza Roger Gower, akafariki. Sisemi waliomuua walikuwa na skana. Nasema kwamba katika eneo kama hilo, kijana anayekaa kilimani na redio na antena, akiandika daftarini saa za ndege kupita, hana budi kuwa na karatasi mfukoni inayoeleza yeye ni nani. Na lolote atakalosikia asilitangaze kijiweni. Sikio halina kosa, ulimi ndio huponza kichwa.

Hata hivyo, nisingependa askari wala mzazi amvunje moyo. Mtoto anayejiuliza sauti hupitaje angani ameshaanza kusoma fizikia bila kutumwa. Nchi hii inahitaji marubani, waongoza ndege na mafundi wa mitambo, na si lazima wote watoke Dar es Salaam. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina chuo chake Dar es Salaam kinachofundisha waongoza ndege. Mwalimu wa sekondari Tarime au Mugumu mwenye wanafunzi kumi wa namna hii angeweza kuomba kibali kwa jina la shule, redio moja ikatosha wote, chini ya uangalizi wake. Hapo swali la bei nalo lingekuwa limepata jibu, kwa kuwa mzigo wa mtu mmoja ungekuwa umegawanywa kwa kumi.

Kwaherini hadi juma lijalo.