Mlima tunauona kila asubui, njia ndiyo hatuna
Mazungumuzo na vijana wa Beni

Najua wengine walisoma kichwa cha mazungumuzo wakacheka: baiskeli na kutembea ku mlima, hapa Beni? Niache niseme mpaka mwisho, kisha mtanicheka.

Mvua ikinyesha usiku na mawingu yakifunguka asubui, Ruwenzori tunaiona hapa mjini. Juu kabisa ni Margherita, mita 5.109, mlima wa tatu kwa urefu Afrika nzima, nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Ile nyeupe iko juu, wazee waliiita nzururu. Upande wetu mlima uko ndani ya Parke ya Virunga, ile iliundwa 1925, parke ya kwanza ya Afrika. Sasa inueni mkono: nani hapa amefika Mutsora, kwenye mlango wa parke tu, hata bila kupanda?

(Mikono mitatu.)

Mitatu! Na tuko zaidi ya mia moja humu.

Basi niwaambie tunakosa nini. Kutoka Mutsora unaacha mashamba ya ndizi na kakao, unafuata bonde la Butahu, unaingia pori. Unalala Kalonge, kesho yake Mahangu, halafu Kiondo. Kwanza miti mikubwa, kisha mianzi, kisha miti yenye ndevu za majani mabichi inayotiririka maji mchana kutwa, kisha lobelia zinazopita mtu kwa urefu. Mwisho ni mawe na barafu. Mwaka 1906 Mutaliano mmoja, Duke wa Abruzzi, alifika kilele kupitia upande wa Uganda. Tangu siku zile barafu imepunguka sana. Tukichelewa tutakuta mawe tu. Na leo ndugu zetu Wakonjo wa upande wa Kasese, watu wa luga moja na sisi, wanaongoza wageni ku mlima uleule na wanalipwa. Sisi tunautazama kwa dirisha.

Sasa mtaniambia: kijana, watu wanachinjwa mashambani, na wewe unaongea juu ya baiskeli? Hilo ndilo swali ninalolitaka.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuliambiwa tuko mu hali ya dharura kusudi amani irudi. Kila mara mukubwa anakuja kusema axe fulani imefunguka. Mimi namuuliza kitu kimoja: nani alipita? Kama ni jeep ya vioo vya kufunga nyuma ya konvoi ya waaskari, hiyo haijafunguka. Konvoi ikiisha kupita, njia inabaki ileile. Mtu wa baiskeli hana kioo, hana mwendo, hana mtu mbele yake wala nyuma. Akipanda kilima anasikia hata majani. Siku kijana atatoka Beni, ateremuke mpaka daraja ya Semuliki, joto ya kule imupige, apande mpaka Mutwanga, alale, arudi kesho yake bila kuomba mtu ruhusa, siku hiyo nitaamini komunike. Kabla ya hapo, hapana.

Tena si kitu cha wazungu wenye kofia za plastiki. Nani anaenda shamba ya kakao kule Bulongo na Lume kwa kinga? Ni baba zetu. Na yule wa chukudu, mwenye kuteremuka na magunia juu ya mbao, bila pedale, frein yake kipande cha pneu chini ya mguu? Mwanamichezo gani anamupita? Wale ndio wanakufa wa kwanza wakikutana na wauaji, na ndio wanagongwa wa kwanza lori likija. Anayetaka kupanda baiskeli kwa kujifurahisha anapita njia yao, anaomba kitu kilekile wanachoomba.

Barabara ya Kasindi mpaka Beni ni kilomita 80. Iko ndani ya mapatano na Uganda, na kazi ilifunguliwa na marais wawili kule Mpondwe tarehe 16 Juni 2021. Wanapoongea juu yake wanaongea malori na dwane. Sisi tunadai kando ya lami, pande zote mbili, pahali pa baiskeli na pa mguu. Hapo hapo, kabla ya mfereji. Na kwa parke: bei ya raia wa hapa iandikwe kwa franga, ibandikwe pale Mutsora, kila mtu asome. Vijana wa Mutwanga na wa Beni wafundishwe kazi ya kuongoza, hata sasa, wakati wageni hawaji.

Mimi nilisoma mazingira chuoni. Niko na diplome, na niko naandika barua za kazi tu. Lakini siwadanganye kama mlima utatupa kazi sisi wote. Hii kazi inavunjika kwa risasi moja. Mei 2018, karibu na Goma, garde wa parke aliuawa akiwa na wageni, na Virunga nzima ikafungia wageni mpaka Februari 2019. Huyo garde aliitwa Rachel Masika Baraka. Alikuwa na miaka 25. Zaidi ya magarde 200 wameuawa mu parke hii, na wengi wetu hatujui hata jina la mmoja. Tukiwa hatukanyagi mle, tutawajua wapi?

Jumamosi saa moja asubui tunakutana pale barabara ya Kasindi inapotokea mjini. Tutahesabu: baiskeli ngapi, chukudu ngapi, wa mguu wangapi, lori ngapi, mpaka saa sita. Hesabu hiyo tutaipeleka kwa meya na kwa watu wa barabara, na jina la kila aliyehesabu chini yake. Njoo na kalamu na kartasi. Usikuje na moto, kuja kwa mguu. Mwenye kinga aje nayo.