Afya ya Samoni wa Atlantiki na Hali ya Uvuvi wa Mtoni: Tatizo la Zana Mbichi na Usafirishaji wa Samaki Hai

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maafisa uvuvi, wafugaji wa samaki na vikundi vya ulinzi wa mito

1. Utangulizi

Niliombwa nieleze hali ya uvuvi wa samoni katika mito ya Ulaya Kaskazini na magonjwa yanayowatia watu hofu huko, ili tupate la kujifunza kwa mito na maziwa yetu. Nimefanya kazi ya afya ya samaki nchini Norwei kwa miaka mingi. Nitakayoyasema ni maoni yangu ya kitaalamu. Hayaisemei taasisi niliyoitumikia wala serikali yoyote. Sehemu za mwanzo nitazipitia upesi kwa sababu wengi wenu mnazifahamu. Muda mwingi nitautumia kwenye sehemu ya tano, kwa kuwa hilo ndilo jambo nililolipigania bila kuchoka na ambalo bado halijapata ufumbuzi wa kuridhisha.

2. Maelezo ya msingi

Samoni wa Atlantiki huzaliwa mtoni na kukulia humo kwa miaka kadhaa. Kisha huteremka baharini kunenepa, na baada ya mwaka mmoja hadi mitatu hurudi kutaga katika mto uleule aliozaliwa. Kwa hiyo kila mto una ukoo wake wa samoni. Ukoo huo ukipotea, haurejeshwi kwa kuchota samaki wa mto wa jirani.

Ugonjwa wa samaki hutokea pale mambo matatu yanapokutana: samaki aliyedhoofika au asiye na kinga, kiini cha ugonjwa, na mazingira yanayokisaidia kiini hicho. Haya yamo katika kila kitabu cha mwaka wa kwanza, nami sitayarefusha.

3. Hali ya uvuvi wa mtoni

Hali si nzuri. Mwezi Desemba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimwondoa samoni wa Atlantiki kwenye kundi la samaki wasiotia wasiwasi na kumweka miongoni mwa walio karibu na hatari. Idadi yake duniani ilikuwa imepungua kwa 23% kati ya 2006 na 2020. Kwa Uingereza peke yake aliwekwa kabisa katika kundi la walio hatarini kutoweka. Katika Uskoti, 2023 ulikuwa mwaka ambao samoni wachache kuliko wakati wowote walivuliwa kwa ndoano tangu takwimu rasmi zianze mwaka 1952. Zaidi ya 90% ya wanaonaswa huko sasa hurudishwa majini wakiwa hai.

Norwei, nchi yenye mito mingi ya samoni kuliko nyingine barani Ulaya, ilifunga mito 33 mwezi Juni 2024, msimu wa uvuvi ukiwa umeshaanza, kwa sababu samaki waliorudi walikuwa wachache mno. Mto Tana, unaopita mpakani mwa Norwei na Ufini, ulifungwa kwa uvuvi wa samoni mwaka 2021. Sababu ni nyingi: vifo baharini, chawa wa samaki wanaozaliana kwenye vizimba vya ufugaji, samoni wa kufugwa wanaotoroka na kuchanganya damu na wa asili, mabwawa ya umeme, na maji ya mito yanayopata joto. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, samoni huanza kuhangaika. Huko Kanada, katika Mto Miramichi, vidimbwi vya ubaridi ambamo samaki hukimbilia hufungwa kwa wavuvi siku za joto kali.

4. Magonjwa yanayozungumzwa zaidi

Ugonjwa wa vidonda vya ngozi ulienea katika mito ya Ireland na Uingereza katika miaka ya 1960. Ulianza na mabaka ya kijivu kichwani, ngozi ikamomonyoka, kisha kuvu nyeupe kama pamba ikafunika jeraha. Kiini chake hakijapatikana hadi leo.

Ugonjwa wa ngozi nyekundu uliripotiwa kwa wingi mwaka 2019 katika Norwei na Uskoti. Samoni waliotoka baharini wakiwa na afya njema walionekana na mabaka ya damu tumboni siku chache baada ya kuingia mtoni. Nao pia kiini chake hakijathibitishwa. Ugonjwa wa figo unaoletwa na kimelea hukua pale maji yanapozidi nyuzi 15 kwa muda mrefu, na huwaua zaidi samaki wachanga.

Kwa magonjwa haya, ushauri wa kumpa mvuvi ni mfupi. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, kwa kuwa mkono mkavu humvua ute unaomkinga. Usimburuze kwenye mawe. Ukiona samaki mwenye vidonda, piga picha na utoe taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu samaki aliyeoza hana faida maabara. Hapa naishia kwa magonjwa hayo.

5. Tatizo kuu: kimelea kinachosafirishwa na binadamu

5.1 Kimelea chenyewe

Gyrodactylus salaris ni mnyoo bapa wenye urefu wa takriban nusu milimita. Hujishikiza kwenye ngozi na mapezi ya samoni mchanga kwa ndoano ndogondogo na kula ngozi yake. Mkiweka pezi la samaki aliyeambukizwa chini ya hadubini, mtaona jambo la kushangaza. Ndani ya mnyoo mzima kuna mtoto aliyekwisha kuota ndoano zake, na ndani ya mtoto huyo mjukuu ameshaanza kuumbika. Hautagi mayai, huzaa. Hauhitaji mwenzi ili uanze kuzaa, wala hauhitaji konokono au mdudu mwingine wa kuubeba. Mnyoo mmoja ukiingia mtoni, unatosha kuanzisha maambukizi.

Katika mito ya Bahari ya Baltiki, mnyoo huu na samoni wa huko wamezoeana tangu zamani, na samaki hawafi ovyo. Samoni wa Norwei hawakuwahi kuujua. Uliingia nchini humo katika miaka ya 1970 pamoja na samaki wachanga walioletwa kutoka Uswidi kwa ajili ya vituo vya kuzalisha na kupandikiza, na uligunduliwa mwaka 1975. Kwa jumla mito 51 ya Norwei imewahi kuambukizwa. Katika mito hiyo, idadi ya samoni wachanga ilishuka kwa wastani wa zaidi ya 80%.

Naomba tuzingatie jambo moja. Mnyoo huu hufa katika maji ya bahari yenye chumvi kamili. Unaweza kuvuka kwenye mlango wa mto ambako maji yamechanganyika, na kwa njia hiyo mto mmoja huambukiza jirani yake ndani ya ghuba moja. Kutoka ghuba moja hadi nyingine iliyo mbali, hauwezi kuogelea. Hufikishwa na gari la samaki hai, na unaweza kufikishwa vilevile na tangi lisilosafishwa, wavu uliolowa au viatu vya mpira vilivyofungiwa kwenye buti la gari. Wasafirishaji ni sisi binadamu.

5.2 Gharama ya kuchelewa

Mto ukishaambukizwa, dawa iliyotumika zaidi ni rotenoni. Hapa kwetu kemikali za jamii hiyo zimo katika majani ya utupa, mmea ambao wazee walijua kuutwanga na kuutia mtoni ili samaki waelee. Sumu huingia kupitia mashavu ya samaki na kuzuia seli zake kutumia oksijeni. Haiulengi mnyoo peke yake. Inaua samaki wote wanaoubeba, ili mnyoo ukose pa kuishi.

Kazi yenyewe ni kubwa. Mitungi ya dawa hupangwa kuanzia juu ya mto hadi baharini, na vijana wenye bomba za mgongoni hupita kwenye kila chemchemi na kila dimbwi la pembeni, kwa kuwa kijito kimoja kikisahaulika, samaki watatu waliojificha humo watarudisha maambukizi yote. Mwaka unaofuata kazi hurudiwa. Baada ya hapo mto hupimwa kwa takriban miaka mitano kabla haujatangazwa kuwa salama. Wakati huo wote ukoo wa samoni wa mto huo hutunzwa katika benki ya jeni, na mayai yake husafishwa kwa dawa kabla ya kurejeshwa.

Mto Lærdal uligundulika kuambukizwa mwaka 1996. Matibabu ya kwanza kwa rotenoni hayakufua dafu, mnyoo ulirudi. Baadaye ilitumika aluminiamu iliyochanganywa na asidi, dozi ambayo huuangamiza mnyoo bila kuwaua samaki wengi. Mto ulitangazwa salama mwaka 2017. Mto Vefsna, ulioambukizwa mwishoni mwa miaka ya 1970, nao ulitangazwa salama mwaka huohuo, baada ya dawa kutiwa hadi kwenye maziwa ya eneo hilo. Mto Driva ulitiwa dawa mwaka 2022 na tena 2023. Kuna vijiji ambako watoto wamekua hadi kuwa watu wazima bila kuruhusiwa kuvua samoni katika mto unaopita mbele ya nyumba zao.

5.3 Kwa nini kinga inatushinda

Dawa ya kuzuia haya yote ni jua, maji ya moto na uvumilivu wa siku mbili. Mwongozo unaotolewa Uskoti unasema zana zikaushwe kabisa kwa siku mbili katika joto la nyuzi 20 au zaidi, au zikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 kwa saa moja, au zilowekwe kwenye dawa iliyoidhinishwa. Uingereza ina kampeni ya maneno matatu: kagua, safisha, kausha. Hakuna asiyeelewa maneno hayo.

Pamoja na hayo, nimesimama ukingoni mwa mito na kuona bango la onyo likiwa limesimama wima na ndoo ya dawa chini yake ikiwa tupu. Nimeuliza ni nani anayeijaza, nikaambiwa niulize ofisi nyingine. Nimekagua viatu vya mvuvi aliyetoka nchi jirani, soli zake za kitambaa kizito zikitoa maji nilipozibonyeza, naye akaniapia kwamba ni vikavu. Hakuwa mwongo, juu vilikuwa vikavu kweli. New Zealand ilipiga marufuku soli za namna hiyo kwa wavuvi mwaka 2008, ikipambana na mwani wa kigeni, kwa sababu hazikauki upesi.

Nimelisema hili katika vikao vingi. Kila mara linakubaliwa, linaandikwa kwenye muhtasari, na kikao kinachofuata kinalikubali upya. Kwa maoni yangu, kiini cha udhaifu ni hiki: gharama ya kutibu mto ina bajeti ya taifa, lakini gharama ya kujaza ndoo haina fungu. Kinga tumeigawa kwa watu wote, kwa hiyo haina mwenyewe.

Mahali ambapo jambo hili limefanikiwa, kinga imefungwa kwenye kibali. Katika mito mingi ya Norwei, anayetaka kuvua huleta kwanza zana zake kituoni, zinatiwa dawa mbele ya mhudumu, anapewa cheti, na bila cheti hauziwi kibali. Hapo mwuza vibali ana sababu ya kusimamia, na mvuvi ana sababu ya kufika. Si lazima kila mmoja awe mwema. Inatosha utaratibu uwe mmoja.

6. Yanatuhusu vipi sisi

Mto wenye samoni wa Atlantiki hatuna. Tunaye trauti, ndugu yake, aliyeletwa kutoka Uskoti hadi Mto Gura katika milima ya Aberdare mwaka 1905. Tunavyo vizimba vya sato Ziwa Viktoria, na vifaranga wanaosafirishwa kwa mifuko na matangi kuvuka wilaya na mipaka. Ugonjwa mwingine wa vidonda, uliothibitishwa katika bonde la Zambezi mwaka 2007, uliwahi kusikika Asia miaka mingi kabla ya kufika Afrika. Virusi vya ziwa vinavyoshambulia sato vimeshagunduliwa katika sampuli za Ziwa Viktoria kutoka Uganda na Tanzania. Sidai kwamba maafa yako mlangoni. Ninachosema ni kwamba njia aliyopita mgeni wa Norwei kwetu iko wazi.

7. Mapendekezo

(1) Kibali cha kuvua au kusafirisha vifaranga kisitolewe bila cheti cha usafi wa zana na matangi.

(2) Kila kituo cha usafi kiwe na msimamizi anayejulikana kwa jina, na fungu lake la bajeti litajwe.

(3) Samaki hai wasihamishwe kutoka bonde la mto mmoja hadi jingine bila kupimwa na daktari wa samaki.

(4) Pale inapowezekana, mayai yaliyosafishwa kwa dawa yatumike badala ya vifaranga hai.

(5) Maji ya matangi yasimwagwe mtoni wala ziwani. Yamwagwe nchi kavu, mbali na ukingo.

(6) Nyavu, mitumbwi ya kukodi na viatu vya mpira vikaushwe kabisa, ndani na nje, kabla ya kuhamishiwa maji mengine.

(7) Soli za kitambaa zizuiwe kwa watalii wanaokuja kuvua trauti.

(8) Wavuvi wafundishwe kutambua vidonda, kuvu na mabaka ya damu, na wapewe namba moja tu ya simu ya kutolea taarifa.

(9) Sampuli zichukuliwe kwa samaki aliye hai au aliyekufa muda mfupi, zihifadhiwe kwenye barafu na kufikishwa maabara haraka.

(10) Anayetoa taarifa asiadhibiwe kwa kufungiwa biashara bila fidia, maana hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha wafugaji.

(11) Nchi zinazochangia ziwa au mto mmoja ziwe na masharti yanayofanana ya usafi, kama zana zinavyotakiwa kuwa safi au kavu kabla ya kuingia bonde la Mto Tana wa Norwei na Ufini.

(12) Usafi wa zana, nasisitiza tena, ufungwe kwenye kibali.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kinga ni bora kuliko tiba, na katika mito tiba yenyewe mara nyingi ni kuua samaki wote na kusubiri miaka. Naomba semina hii isiishie kukubali mapendekezo haya kwa ujumla. Naomba pendekezo la 1 na la 2 yaingizwe katika maazimio ya leo, kila moja likiwa na ofisi itakayowajibika, tarehe ya kuanza, na mtu atakayesimama mbele yetu katika kikao kijacho kueleza ndoo zimejazwa au hazikujazwa.