SHAMBA HILI LILIKUWA LA NANI?
Mazungumzo na viongozi wa walei, Ikwiriri



Wapendwa, mtu akitokea na hati ya shamba, sisi hukimbilia kutazama muhuri. Leo naomba tutazame tarehe, kisha tuulize ni nani aliyelima pale kabla ya tarehe hiyo.

Mwaka 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani iliitangaza ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Taji. Lakini bonde la Rufiji lilikuwa na wenyewe, waliopanda mpunga kwa kuyangoja mafuriko na mazao mengine maji yalipopungua. Kwa mgeni aliyepita kati ya misimu hiyo, shamba lilikuwa pori! Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliyanadi mashamba ya Wajerumani. Na sheria yao ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi chini ya Gavana, haikuzifuta hati halali za zamani. Mwaka 1963 milki za kudumu ziligeuzwa kuwa za miaka 99. Hivyo karatasi iliendelea kuzaa karatasi, na mkulima wa kwanza hakuulizwa.

Sisi tuna jambo la pili. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwapandisha wazee wetu kutoka bondeni hadi vijiji vya juu. Wengi waliendelea kushuka kulima. Je, kuhamishwa ni kuacha mali?

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imethibitisha ugawaji uliofanyika tangu Januari 1970 hadi Desemba 1977. Kwa hiyo familia iliyohamishwa mwaka 1969 na ile ya mwaka 1973 huenda hazisimami mahali pamoja mbele ya baraza.

Basi, kila jumuiya iwaendee wazee, Wakristo na Waislamu, iandike: nani alihamishwa, kutoka wapi, mwaka gani, mwembe upi ulikuwa mpaka. Viwanja vya Kanisa navyo viandikwe vivyo hivyo, tusiviogope. Wazee waliokuwa watu wazima wakati ule wamebaki wachache.