Ini Lisilosikia Amri



Nimeombwa kusema machache juu ya kisukari, maana sisi wa maofisini twakaa mno. Baada ya mlo, insulini huliamuru ini lipunguze kumwaga sukari katika damu. Mafuta yakizidi mwilini, chembechembe za ulinzi huwaka kana kwamba pana jeraha, na amri ile hufifia njiani. Ini huendelea kumwaga.

Mwaka 1993, huko Marekani, mambo mawili yalitangazwa mbalimbali. Hotamisligil na wenzake walionyesha katika panya wanene kuwa TNF, protini ya mwako huo, huikwaza insulini. Ambros na Ruvkun, kwa kuchunguza mnyoo mdogo, walivumbua maikroRNA, vipande vinavyonyamazisha jeni; wakatuzwa Nobeli mwaka 2024. Mwaka 2011 watafiti wa Zürich walizima maikroRNA 103 na 107 katika panya wanene, na insulini ikasikika tena.

Panya si mtu. Vijana, kazi iliyobaki yawangoja ninyi msomao baiolojia. Sisi wenye vitambi tutembee, tupunguze sahani, ini lisikie mapema.