Kamango tuiandike sisi wenyewe

Ndugu na dada vijana wa Kamango, Beni na Butembo,

Tarehe 11 Julai 2013 ADF walishambulia Kamango. Kwa siku chache tu, watu zaidi ya 60 000 walivuka mpaka kuenda Bundibugyo, Uganda. Hiyo hesabu iko kwenye maripoti. Lakini majina je? Nani alibaki njiani? Alizikwa wapi? Nani alibeba mtoto wa jirani? Hayo yako kwa vichwa vya wazee wetu, na wazee wanatutoka. Mtoto aliyezaliwa kule ukimbizini anakomaa bila kuyajua.

Ndiyo maana tuko tunapita nyumba kwa nyumba na kaye na telefone. Kwanza tunaomba ruhusa. Tunaandika Kitalinga vile mzee anasema, kisha Kiswahili. Kopi moja inabaki kwa familia, ingine tunaituma mbali, juu nyumba ikichomwa, kaye inaungua nayo. Mwenye kuogopa, jina lake hatulitangaze.

Siku tribinali itauliza nani aliuawa, hesabu haitajibu. Majina ndiyo yatajibu.

Uko na mzee nyumbani? Leo jioni keti naye, muulize, andika.